Ombi la Kuiondoa Kona ya Hekima, Ukurasa wa Sita

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi, na poleni na wino. Mimi ni msusi, saluni yangu inatazamana na bomba la maji, mlango wa bluu, huwezi kupotea. Shule niliishia darasa la nne kwa sababu ya kuongea, kwa hiyo ukikuta nimekosea mahali, ruka, endelea mbele. Naandika kwa heshima zote kuwaomba muiondoe ile Kona ya Hekima ya ukurasa wa sita, ile ya maneno ya wanafalsafa na waandishi wakubwa wa dunia, kabla saluni yangu haijafungwa.

Nieleze kidogo. Mume wangu ni fundi viatu. Kibanda chake na saluni yangu vimegawanywa na ubao tu, na ubao una kidirisha. Yeye ndiye mwenye miwani, yeye ndiye mwenye gazeti. Kila asubuhi, mimi nimegeukia kioo mikono iko kwenye kichwa cha mtu, nasikia anakohoa mara mbili, anakunjua gazeti lenu, anatusomea hekima ya siku. Na hapa mtaani kwetu hekima ikishasomwa haijadiliwi, inatekelezwa siku hiyo hiyo. Hatujui mambo ya nusu nusu.

Sasa malalamiko.

1. Jumatatu mwanafalsafa wenu alisema anayemdanganya mtu ili kumfurahisha anamwibia. Sawa. Kitini nilikuwa na mama muuza mkaa, saa ya tatu ya kusuka hiyo, kichwa kiko nusu. Akauliza kama wanavyouliza wote, "Jamani, napendeza?" Mume wangu kule dirishani, misumari mdomoni: "Shemeji, hapana." Mama akainuka na nusu yake. Nilimkimbilia mpaka kwenye bomba, akagoma. Nikasema kesho atarudi, kumbe kesho yake hekima ikawa ya kutorudi nyuma ukishaamua! Wiki nzima anazunguka upande mmoja misuko, upande mwingine kichaka, na akiulizwa nani kamsuka anataja jina langu mpaka la babu yangu.

2. Jumatano mkasema mwenye vitu viwili vya aina moja, kimoja kinammiliki yeye. Nilikuwa na vioo viwili. Mume wangu kakigawa kimoja kabla sijamaliza kupinga. Sasa mteja anajiona mbele tu, kisogo anakiamini kwa imani.

3. Hili ndilo linaloniua. Mwandishi mmoja, sijui wa nchi gani, alisema usimseme mtu asiyekuwepo mpaka umwekee kiti na umwone amekikalia. Wateja wakaleta kiti. Cha plastiki, cheupe, kiko katikati ya saluni mpaka leo. Nikaanza habari ya mwalimu wa kwaya na ile pikipiki inayomshusha mbali na kwake, binamu yangu anayenisaidia kuosha nywele akanyoosha kidole kwenye kiti: "Haya dada, mwambie, si huyo hapo!" Nikameza.

Mhariri, nikupe siri. Mimi kusuka nasuka kawaida tu. Mistari yangu inapinda. Watu hawaji kwa mistari, wanakuja kwa habari. Tangu kiti kiingie, nasikia kitana kinavyopita kwenye nywele. Wateja kumi na mmoja wamehamia saluni ya kona ya pili, ambako hawasomi chochote, na wanacheka mpaka nawasikia huku. Jana nilisuka kichwa kimoja: cha binamu. Tukiendelea hivi nafunga mlango.

4. Serikali nayo. Mwenyekiti wetu wa mtaa alikuja kubandikiwa soli, akasikia kwamba mtawala mwema huamka akijiuliza kama leo angechaguliwa tena. Badala ya kujiuliza mwenyewe, anatuuliza sisi. Kila asubuhi, bombani, kura ya mikono! Siku mbili kashinda. Siku ya tatu wote tulikuwa tumeshika ndoo zimejaa, hakuna aliyenyoosha mkono, akashindwa, na hakuwa na mpinzani. Akatupongeza kwa ukomavu, akaenda zake na ufunguo wa bomba mfukoni, maana hekima haikusema aukabidhi kwa nani. Siku nzima hatuna serikali wala maji. Tulimrudisha kesho yake kwa mikono miwili miwili.

5. Juzi mkasema mwenye furaha ni yule anayetaka kidogo. Mchana nikampakulia mume wangu kidogo. Akala, akanawa, na jana hekima ikawa ya ukarimu.

Kwa hiyo naomba: pale muweke nyota za bahati, au picha ya mtoto mnene. Ikishindikana, nitafutieni mwanafalsafa aliyesifia umbea. Dunia yote hii, miaka yote hii, hata mmoja atakosekana? Mkimpata mtoeni Jumamosi, siku ya vichwa vingi.

Nawasalimu wachapaji, anayewapikia chai, wa nyumbani kwako wote, na huyo anayechagua maneno msalimie pia, sina ugomvi naye.

Msomaji wenu wa kila siku, kwa masikio,
Msusi wa mlango wa bluu

Nyongeza: Nilitaka anwani yenu ya kuandika kwenye bahasha. Mume wangu kaenda msalani, nikapitisha mkono dirishani, nikalishika gazeti mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mhariri, ni la mwaka juzi! Limelainika kama kitambaa, lina gundi ya viatu. Ukurasa wa sita una tangazo la matairi na ng'ombe aliyepata zawadi. Kona hamna. Nimelipekua mbele nyuma, hamna mwanafalsafa hata wa dawa. Maneno yote ni yake! Miaka ishirini na miwili ya ndoa naongea mimi tu, maskini hakupata upenyo, akaazima gazeti.

Basi msiondoe kitu. Hii ndiyo habari kubwa kuliko zote tangu nifungue saluni. Binamu nimeshamtuma kona ya pili aseme tu kwamba nina jambo, na wameanza kuingia, mmoja na rola kichwani. Mama wa nusu kichwa kakaa mbele kabisa. Sheria ya kiti naiheshimu: namngoja mwenyewe atoke msalani, nimkalishe kwenye kile cha plastiki, halafu ndiyo nianze.