Sheria Kumi na Nne za Kurudi Salama kutoka Salala

Jumapili, 27 Julai

Tumefika Salala. Siku nzima ya jangwa, watu wanane, magari mawili, hakuna aliyetapika. Naandika hilo kwa sababu mwaka jana, nikiwa kiongozi, tulitapika wote, hata mama mkwe, Bi Shinuna. Samaki niliyempika alikaa garini muda wa saa tisa. Mwaka huu mke wangu Raya kasema waziwazi: mtu mmoja tu akifika hospitali, safari zote zijazo ataongoza kaka yake, Hilal. Mimi nitakaa kiti cha nyuma na ndoo ya barafu.

Sitaki kukaa na ndoo. Na naona wanavyoniangalia, kama glasi iliyokaa ukingoni mwa meza. Nataka mara moja tu niwarudishe nyumbani Nizwa wazima.

Nimebandika sheria kumi na nne mlangoni pa nyumba tuliyopanga. Hilal kazisoma kwa sauti ya khatibu wa Ijumaa. Ya kwanza: mafuta ya kuzuia jua. Akafungua dirisha, akaonyesha ukungu na manyunyu, akauliza, "Shemeji, jua lenyewe utalileta wewe?" Najua, watu huja huku Julai kulikimbia jua. Lakini jua la mawinguni ni mnafiki. Nimewapaka wote. Hakuna aliyeungua. Hakuna aliyenishukuru.

Jumatatu, 28 Julai

Mbu. Raya kaumwa mara mbili shingoni. Duka la chini lina dawa ya kupaka, lakini hiyo hata Hilal angeinunua. Tuko kwenye nchi ya ubani! Nikanunua kilo mbili, nikafunga madirisha, nikawasha vyetezo sita.

Mbu walibaki. Watu ndio waliotoka. Mama mkwe kaketi kwenye ngazi nusu saa akikohoa, na mlinzi wa jengo akapanda na ndoo ya maji. Hilal kamwambia asijali, ni shemeji yake tu anaoa mke wa pili. Raya hakucheka.

Waliofika hospitali: hakuna.

Jumanne, 29 Julai

Pwani ya Mughsail. Msimu huu bahari ya huku haiogeleki, bendera nyekundu kila mahali. Binti yangu Ibtihaj anataka kuchovya miguu tu. Bahari haijui "tu". Nikawafunga wote kamba kiunoni, ncha nikashika mimi. Wauza madafu wakaacha kazi kututazama. Hilal kauliza kama tunapelekwa mnadani. Akajifungua, akausogelea mwamba apige picha. Nikageuka kumfokea, mgongo baharini. Sheria ya tano inakataza kuipa bahari mgongo. Niliiandika mwenyewe.

Wimbi limechukua viatu, kofia na ngozi ya goti. Hilal ndiye aliyenidaka ukosi. Nimemshukuru kwa kichwa tu. Goti nimelifunga kitambaa chini ya kanzu. Wasiloliona hawatalipeleka hospitali.

Jumatano, 30 Julai

Mlimani. Mfuga ngamia, Mzee Musallam, katukaribisha hemani. Kamkamua ngamia mbele yetu, bakuli limejaa povu, maziwa hayajauona moto. Sheria ya tisa: maziwa mabichi yana homa. Lakini utamkatalia vipi mwenyeji? Nikapata wazo la kishujaa: nitakunywa zamu ya kila mtu. Nikamwambia Musallam hawa wote matumbo yao dhaifu, mpenzi wa maziwa ni mimi. Akafurahi mno. Nikamaliza, akajaza. Nikamaliza, akajaza.

Kwenye kahawa, ukitosheka unatikisa kikombe, mwenyeji anaacha kumimina. Bakuli la tano nikalitikisa. Lilikuwa limejaa. Musallam kajipangusa ndevu, akasema hajapata kuona mgeni mwenye furaha hivi.

Njiani Raya kauliza kwa upole, "Baba Ibtihaj, kwani tusingeweza kumwomba ayachemshe?"

Alhamisi, 31 Julai

Tumbo limeasi. Goti limevimba. Mwili moto. Siwezi kula, na nisipokula wataniuliza. Ila leo Alhamisi! Nimetangaza nimefunga, funga ya sunna. Wote wakaniombea kheri, hata Hilal. Mama mkwe kaguswa mno. Alikuwa bado hajala, akasema basi naye anafunga, tufuturu pamoja.

Ana miaka sabini na mbili, na vidonge vya presha. Adhuhuri midomo yake ilikuwa imekauka. Nikamsihi ale, Mungu ni mwingi wa huruma. Kasema, "Wewe na kitambi hicho uweze, mimi nishindwe?"

Alasiri nikainua kanzu nitawadhe, akaliona goti. Nikamwaga yote palepale: sijafunga, tangu asubuhi nimekunywa maji ya bomba mara tatu, kisirisiri. Nilingoja anilaani. Kasema, "Mwanangu, mwaka jana tulitapika, tukacheka, tukasahau. Uliyebaki na jambo hilo moyoni ni wewe peke yako. Unatulinda sisi, wewe nani anakulinda?"

Nililia, miguu imelowa, kanzu nimeishika mkononi. Mama mkwe kanywa glasi mbili za maji, akamwita Hilal alete gari.

Ijumaa, 1 Agosti

Hospitali. Dripu mbili, goti limesafishwa, vidonge vya siku saba. Daktari kasema homa ikirudi nisikae nayo hata saa moja, niseme. Hilal kaketi nami mchana kutwa akinimenyea machungwa, hakunitania hata mara moja. Hilo limenitisha kuliko sindano. Mama mkwe katoa uamuzi: mwakani bado naongoza mimi, kwa sharti moja. Nikiumwa, niseme. Nimeapa mbele ya wote.

Jumamosi, 2 Agosti

Tunarudi. Hilal anaendesha, mimi nimepewa kiti cha mbele. Saa tano meno yalianza kugongana. Hii ni homa, naijua. Lakini wote wamechangamka, Ibtihaj anaimba, na hospitali iliyo karibu iko nyuma yetu. Nikisema, safari imeharibika. Nimemwambia Raya ni baridi ya kiyoyozi.

Hilal kakizima papo hapo. Nje ni jangwa tupu, nyuzi arobaini na sita. Wimbo umekoma. Raya amelowa jasho, na mama mkwe anajipepea kwa boksi la biskuti, macho kayafumba. Mimi bado natetemeka. Lazima nibuni kitu haraka, maana kwa joto hili mtu anaweza kuugua, na kiongozi wao ni mimi.