Masizi Yenye Faida

Jumatatu, 4 Machi

Biashara imelala fofofo. Hakuna vumbi, hakuna tope, jua la kiasi. Watu wanavaa shati lilelile siku tatu mfululizo na hakuna anayeona haya. Dobi ataishije? Nimekaa mlangoni tangu asubuhi nikikagua kola za wapita njia. Safi zote. Inavunja moyo.

Ng'ambo ya barabara, dobi mwenzangu anachekacheka peke yake. Tunamwita Mashine, kwa sababu alinunua mashine ya kukausha nguo na tangu siku hiyo hana mazungumzo mengine. Mimi nakausha paani, kwenye kamba, kama binadamu. Kibao changu kinasema: NGUO ZENYE HARUFU YA HEWA SAFI. Mashine hana hewa. Ana waya tu.

Habari njema: timu ya mtaa imechukua kombe, na kamati itakutana keshokutwa kupanga sherehe. Wengine wanataka bendi. Mimi nataka fataki. Mtaa wa pili waliwahi kurusha, na kulipokucha kila kitu kilikuwa na masizi: mapazia, magari, vipara vya watu. Masizi yakishuka, nguo zinachafuka. Nguo zikichafuka, zinakuja kwangu. Mtu mwingine angechukua miaka kuliona hili.

Nimemweleza mke wangu. Amemaliza kwanza kupiga pasi suruali, kisha akauliza kama nimesahau kwamba mama yake ana pumu. Nisahau vipi? Mama mkwe analala chumba cha pili na kikohozi chake ndicho saa yetu ya kuamkia.

Jumatano, 6 Machi

Kikao. Niling'ara.

Nilisema bendi ni kelele mpaka kuche, fataki ni dakika chache na kila mtu anaona bure. Watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Ndipo Sista akachafua hali ya hewa. Sista ni muuguzi wa zahanati iliyo mwisho wa mtaa. Akasema kila zinaporushwa fataki zahanati hujaa: watoto wanakoroma kifuani, wazee wameshika mbavu. Akasema moshi ule una vumbi jembamba sana, halizuiwi na pua, linakwenda moja kwa moja hadi ndani kabisa ya mapafu. Hata zile rangi nzuri, akasema, ni madini yanayoungua, na mabaki yake tunayavuta sisi.

Ningemjibu vikali, ila shuka na makoti ya zahanati nafua mimi, na hakuna mteja wa kumfikia. Kwa hiyo nilisema kwa adabu kwamba moshi wa baruti unaua mbu na kufungua kifua. Sista akauliza nani kasema. Nikasema mtaalamu. Hakuuliza mtaalamu gani, nami si mtu wa kujisifu mbele za watu.

Tukapiga kura, fataki zikashinda. Mashine aliinua mkono kuziunga kabla yangu! Nilimtazama kwa huruma. Nimemweka mfukoni na anatabasamu, maskini.

Ijumaa, 8 Machi

Sherehe ni Jumapili, na siku nzima naomba michango ya fataki nyumba kwa nyumba. Shuka za zahanati bado zimelowekwa. Zitafuliwa tu.

Mama mkwe kila alasiri hupanda paani, hukalia beseni lililopinduliwa na kukosoa ninavyoanika. Alikuja kwa matibabu ya wiki chache. Ni zamani sasa, na beseni limeshabonyea likafuata umbo lake. Leo amesema mashati nayatundika kama mtu aliyekata tamaa ya maisha. Kisha akauliza kama habari za fataki ni kweli. Nikasema ni vifataki, vidogo. Akasema kifua chake si bomba la jiko. Nikamwahidi kwamba tutafunga madirisha yote.

Akasema, mkwe wangu, akili unazo nyingi, ila unazitumia zote kwa siku moja. Nilicheka sana. Nilipofika ngazini nikaacha kucheka.

Jumapili, 10 Machi

Shuka za zahanati zinatakiwa kesho asubuhi. Nimechelewa kuzifua hadi leo mchana kwa sababu ya michango, nikazianika jua likiwa linaondoka. Zilipoanza fataki zilikuwa bado mbichi. Nikaziacha. Nilikuwa nimeshapanga mambo vizuri: fataki zimewekwa uwanjani nyuma ya duka la Mashine, kwa ushauri wangu, ili masizi yaanze na yeye.

Ya kwanza ilipasuka nyekundu. Ya pili kijani. Watu walipiga makofi. Mbele yangu alisimama mwanamke mwenye gauni jeupe, nami nikalitazama lile gauni kwa mapenzi makubwa.

Tatizo ni upepo. Haukuwepo. Moshi haukwenda popote, ulikaa juu ya mtaa kama mgeni asiyejua kuaga. Halafu ukashuka. Ukapita chini ya milango, ukaingia kwenye matundu ya madirisha niliyoyafunga kwa mkono wangu. Ng'ambo ya barabara hapakuonekana tena.

Mke wangu akaniita kutoka dirishani kwa jina langu kamili. Hajaniita hivyo tangu siku ya ndoa. Nikapanda mbio. Mama mkwe alikuwa ukingoni mwa kitanda, mabega yanapanda na kushuka, dawa yake ya kuvuta mkononi na haimsaidii. Alinitazama, akataka kunisema, pumzi ikamkatalia. Mama mkwe wangu, kukosa pumzi ya kunisema! Hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika.

Nikambeba mgongoni hadi zahanati. Ni mwepesi kuliko furushi la shuka mbichi. Njia nzima nilisikia filimbi ya kifua chake sikioni mwangu. Niliogopa. Naandika hivi kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu.

Zahanati ilikuwa imefurika. Ni walewale waliokuwa wakipiga makofi, sasa wanakohoa. Sista akamvisha mama kinyago cha mvuke wa dawa. Hakuniuliza habari za mtaalamu. Angeuliza ningepata nafuu. Aliuliza kitu kimoja tu: shuka ziko wapi? Mama alikuwa amelazwa juu ya godoro tupu, la plastiki.

Jumatatu, 11 Machi

Mama ameamka anapumua. Mke wangu amelala hukohuko, hajanitumia hata salamu.

Nimepanda paani. Shuka zote kijivu. Nguo mbichi hukamata kila chembe inayopita. Koti la daktari limetobolewa na cheche begani. Nimefua upya, nimenusa: baruti. Nimefua tena. Baruti.

Lakini wateja walikuja! Kama nilivyotabiri, mtaa mzima na mafurushi yao. Walifika mlangoni, wakasoma kibao, wakainua macho hadi paani, wakaziona zile shuka zikining'inia. Wakavuka barabara. Mashine alikuwa anapokea kwa mikono miwili. Ndipo nilipouelewa ule mkono wake kwenye kikao. Nguo zake zinakauka ndani, mlango umefungwa. Nyoka yule!

Mchana nimekwenda kumwona mama. Amelala juu ya shuka nyeupe pee. Mashine ameileta mwenyewe, bila kuombwa. Mama alishusha kinyago, akavuta pumzi, akaniambia shuka hii ina joto zuri, halafu haina mikunjo. Akarudisha kinyago chake. Nilifurahi kumsikia hadi nikatoka nje kujifuta macho.

Sista amenifuata mlangoni. Kazi ya zahanati inahamia ng'ambo.

Alhamisi, 14 Machi

Mama anarudi kesho. Mke wangu ameanza kunisemesha, japo ni mambo ya pasi tu. Ameniomba jambo moja: nimpokee mama yake vizuri.

Nimekaa siku nzima kuchunguza tulipokosea. Nimepata jibu. Kosa ni kurushia nje. Moshi wa nje hauna mwenyewe, unapanda paani unaharibu kazi za watu.

Chini ya meza ya pasi kumebaki boksi moja la fataki, zile ndogo za kushika mkononi. Za kijani, rangi anayoipenda mama. Mgonjwa wa heshima hapokelewi kimyakimya. Nitaziwasha kesho chumbani kwake, akishaketi. Nimeshaziba dirisha kwa gazeti, na mlango nitaubana kwa mataulo. Hakuna chembe itakayotoka humo kugusa nguo zangu.