Siku Nilipomzika Mke Wangu Darasani

Jumatatu, 4 Mei
Binti yangu ni mshauri nasaha. Hatoi dawa, hapimi mkojo. Anamkalisha mtu, anamwacha asimulie maisha yake, kisha wanayasimulia upya mpaka mtu anatoka mwepesi. Na wengine anawafundisha kazi hiyo, katika chumba kilichokuwa karakana yangu ya ushonaji. Neno lake kuu: mtu si tatizo, tatizo ndilo tatizo, lipe jina, liweke kando. Nimelipenda. Katika nyumba hii naitwa tatizo tangu nilipostaafu.

Ijumaa wakuu wa chuo kilichomwajiri wanakuja kumwona akifundisha. Wakiridhika, atakuwa mkufunzi mkuu. Wasiporidhika, ataendelea kuitwa wa muda hadi azeeke. Anahitaji mtu wa kusimulia shida yake mbele ya darasa. Kamchagua Kinyozi. Kinyozi! Mtu ambaye huzuni yake kubwa ni upara wa wateja.

Jumanne, 5 Mei
Nimekwenda kunyolewa ndevu. Nikamweleza Kinyozi, kwa upole, kwamba wanaosimulia pale hulia mpaka kamasi. Akasema heri, ana kilio cha siku nyingi, na leso ameshanunua. Mtu hana haya. Nikaongeza kwamba nasikia mama mkwe wake kaalikwa. Wembe ukasimama hewani. Nimerudi nyumbani na ndevu upande mmoja.

Jumatano, 6 Mei
Kinyozi kajitoa. Anasingizia tumbo. Binti hakugusa chakula, kakaa kashika shavu. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Mke wangu akasema huyo apewe maji. Mwishowe Binti akaniuliza kama nina shida yoyote. Nikamjibu ninazo hadi za kuuza.

"Iwe ya kweli, Baba," akasema. "Ukinifanyia mzaha Ijumaa, umenimaliza."

Nikaapa.

Alhamisi, 7 Mei
Nimezipekua shida zangu. Magoti. Kinyozi. Hazifai kwa watu wenye tai. Huendi harusini na kaptura. Nimeazima kubwa: nitakuwa mgane. Mzee kafiwa na mkewe, kitanda kipana, kikombe kimoja mezani. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo na nimelia vizuri sana. Mke wangu akapita, akauliza kama nakata vitunguu.

Ijumaa, 8 Mei
Nilianza kwa kishindo. Nilipofika kwenye kitanda kipana, mama mwenye miwani, mkubwa wa wageni, alifuta macho. Binti alikuwa kanyauka uso. Sikumtazama.

Mlango ukafunguka. Marehemu akaingia na birika la chai.

"Kafa nani tena?" akauliza.

Wanafunzi wakatazama viatu. Mwenye miwani akafunga kalamu yake. Nikajua nimemmaliza mtoto.

Binti akavuta kiti, akamketisha mama yake. Sauti haikutetemeka.

"Baba, hicho kilichokuleta hapa na uongo huu, ukikipa jina, kinaitwaje?"

Sikuwa na pa kutokea. Nikasema kinaitwa Sifa.

Akauliza Sifa alianza lini kuingia nyumbani kwetu, na kamnyang'anya nini mama. Mama akajibu. Alijibu kwa kirefu. Kumbe jioni nyingi alikula peke yake, mimi niko barazani kwa watu natafuta wa kunisifu. Nililia. Safari hii bila kioo.

Mwenye miwani akasema hajapata kuona mkufunzi akiigeuza fedheha kuwa somo namna ile. Kazi kapewa palepale.

Jumamosi, 9 Mei
Nimezunguka mtaa mzima kuwaeleza watu ni nani aliyempatia Binti ukufunzi mkuu. Nimerudi nimechelewa, chakula hakuna. Mke wangu kasema sasa marehemu ni mimi, na marehemu hali.

Mwezi ujao Binti anakwenda kufundisha mji mwingine. Atahitaji msimulizi. Nimelichunguza kosa langu kwa makini na nimeliona: nilichagua maiti anayetembea. Huko nitakuwa yatima. Baba na mama wamekufa kweli, wamezikwa, nilikuwepo. Hakuna atakayefungua mlango.