Maxwell na Kitenzi cha Uyoga

Maxwell Ogutu alikuwa na suti moja na simu mbili. Aibu hakuwa nayo. Asubuhi hiyo alikuwa akinywa chai kibandani kwa Rael, Migori mjini, Makori mwenye duka la saruji alipomsogezea gazeti.

"Wewe umesoma. Hapa wameandika 'Businesses are mushrooming in Migori.' Hiyo mashrum si ni uyoga? Biashara na uyoga wapi na wapi?"

Maxwell alijua jibu. Neno hilo likiwa kitenzi, maana yake ni kuchipuka kwa wingi na kwa ghafla, kama uyoga baada ya mvua. Maduka yanaweza, makanisa yanaweza, hata uvumi. Lakini maelezo hayo yasingemletea hata andazi. Akamtazama Makori, mzee wa kanisa aliyechanganya saruji na majivu kwa moyo mweupe, akaona riziki.

"Mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini, "hiyo ni siri imewaponyoka. Biashara hai-mushroom hivi hivi. Kuna mbegu."

"Mbegu?"

"Unaweka gunia nyuma ya kaunta. Uyoga ukiota, wateja wanaota. Wenzako wa Isebania wanazo. Unafikiri yale maghorofa yametokana na sala?"

Rael, aliyefundisha Kiingereza miaka kumi na miwili kabla chapati hazijamlipa vizuri zaidi, aliinua macho kutoka kwenye unga. "Na kitenzi hicho, kama ilitokea jana, utasemaje?"

"Mama, ya jana hayana faida. Tuongee ya kesho."

"Mushroomed," Rael alisema, akaendelea kukanda.

Kufikia Ijumaa Maxwell alikuwa ameuza magunia arobaini ya vumbi la mbao, aliyoyazoa bure kwenye kiwanda cha mbao. Kila mnunuzi alimwomba asimuuzie jirani yake, na jirani alikuwa ameshamwomba vivyo hivyo.

Wiki mbili baadaye Rael alimpigia simu. "Njoo uone kwa Makori."

Nyuma ya kaunta, gunia lilikuwa limejaa uyoga mweupe, mnene. Maxwell aliugusa. Ulikuwa uyoga kweli. Kumbe alikuwa amesema ukweli bila kujua, na kuuza mali kwa bei ya takataka.

"Dada mmoja wa hoteli Homa Bay anautafuta," Rael alisema. "Anaitwa Millicent. Ongea naye."

Millicent aliyataka magunia yote arobaini, kwa mara tano ya bei aliyouzia Maxwell. Maxwell alizunguka mji mzima kuyanunua tena, lakini wenye maduka walikuwa wamekuwa wagumu ghafla. Hakuna aliyekubali chini ya mara mbili. Akatoa alichochuma, akauza simu moja, akakodi pikapu.

Homa Bay hoteli hiyo haikujulikana. Namba ya Millicent haikupatikana. Maxwell aling'oa uyoga mmoja. Ukatoka na kijiti cha meno kilichokuwa kimeushikiza kwenye gunia.

Akampigia Rael. "Millicent ni nani?"

"Dada yangu. Anauza samaki wa omena."

"Mama, umeniibia."

"Mimi? Uliuziwa na wenyewe. Mimi nilichukua changu kidogo kwa kila gunia, na hela ya uyoga niliowanunulia wachomeke."

Dereva alikuwa ameanza kushusha magunia kando ya barabara. Mama mmoja mfuga kuku, Risper, alisimama akachungulia ndani ya moja.

"Hii ni ya kutandikia kuku?"

"Mama, hii ni mbegu ya..." Maxwell alianza.

"Bure nitachukua. Lakini utandaze mwenyewe. Nitakupa nauli ya kurudi."

Saa tisa alasiri Maxwell alikuwa amepiga magoti katikati ya kuku mia tatu, suti mwilini kwa kuwa hakukuwa na mahali safi pa kuitundika. Risper alisimama mlangoni mwa banda akikagua.

"Pale kwenye kona ni kidogo," alisema. "Ongeza."