Sungura wa Behewa la Kwanza

Jumatatu, 29 Desemba

Tumefika. Hoteli imo ndani ya bustani ya michezo! Ukutani kuna picha ya twiga, na kitanda ni kifupi kuliko miguu yangu. Nimewekwa chumba kimoja na Mwamuzi, babake mkwe wangu. Alichezesha mpira ujana wake wote, na mpaka leo filimbi haimtoki shingoni, hata bafuni. Mjukuu wetu ana miaka miwili. Tunamwita Bi Mkubwa, kwa kuwa ndiye anayetawala. Filimbi ikilia, hucheka na kumkimbilia Mwamuzi. Mimi hunitazama kama mtu aliyekuja kusoma mita.

Habari nzito: hapa Mwaka Mpya hukaribishwa saa sita mchana, maana watoto hawakeshi. Treni ndogo huzunguka bustani kwa matarumbeta. Kila mtoto na mtu mzima mmoja tu! Nimemwambia binti yangu kwamba hapo hapana mjadala. Mimi nilikuwa mkuu wa stesheni. Mwamuzi akasema hiyo ni treni ya kuchezea, mkwe, haihitaji mkuu. Binti akachoka nasi. Akasema basi, baba zangu, mtoto atachagua mwenyewe Alhamisi.

Uchaguzi! Nimekwisha kushinda.

Jumanne, 30 Desemba

Mpango wa kwanza: biskuti. Nilijaza mifuko yote ya koti. Bi Mkubwa alikula tatu, akaichukua ya nne na kumpelekea Mwamuzi. Akaila, mbele ya macho yangu! Akasema ni tamu, mkwe, ahsante sana. Mchana mtoto alikataa chakula. Binti akanipekua mifuko, akaniuliza kama mtoto wa kuangaliwa safari hii ni mmoja au wawili.

Alasiri, mpango wa pili. Nilikuwa nimekuja na filimbi yangu ya kazini. Ya Mwamuzi husimamisha watu. Yangu iliondosha treni nzima. Nikapuliza mara moja tu. Foleni yote ya bembea ikageuka. Mzee mmoja akaangusha fimbo. Bi Mkubwa akalia hadi akapaliwa.

Nani alimbembeleza? Sitaki kuandika.

Jumatano, 31 Desemba

Mungu si Athumani! Bustani ina Sungura mrefu kama mlango, anayepunga mkono kutwa. Bi Mkubwa alimkumbatia mguu, akagoma kubanduka. Mwamuzi alipuliza hadi mashavu yakamvimba. Mtoto hakugeuka. Raha iliyoje!

Baadaye nilimkuta Sungura nyuma ya kibanda cha bisi, kichwa amekivua na kukiweka mapajani, akijipepea. Kumbe ni mama wa makamo, miguu imemvimba. Nikampa shauri: kesho saa sita apumzike kivulini, vazi nivae mimi. Akaniuliza, mzee, joto la humu unalijua? Nikamjibu kwamba nimevaa koti la sare maisha yangu yote. Akakubali kwa sharti moja, ndiyo kanuni ya kazi yao: kichwa hakivuliwi mbele ya watoto, hata pawake moto. Nikamwambia amempata mtu wa kanuni.

Sijamwambia yeyote. Mwamuzi anaing'arisha filimbi kwa dawa ya meno. Maskini.

Alhamisi, 1 Januari

Nimeloa kama aliyetumbukia kisimani. Niliaga kwamba naenda msalani, nikavaa. Vazi linanuka soksi na vitunguu. Mtu huona kupitia mdomoni tu.

Kwenye kituo cha treni, binti alimweka Bi Mkubwa chini, akamwambia achague. Upande huu Mwamuzi, filimbi mdomoni. Upande wangu hapana mtu, ila Sungura akipunga mkono. Binti akauliza, jamani, baba yuko wapi? Mwamuzi akasema amekimbia mechi. Ndipo mtoto akaninyooshea mikono. Mimi! Behewa la kwanza! Treni iliondoka kabla ya wakati wake, aibu kubwa, lakini nikamsamehe dereva.

Kwenye kona ya bwawa la bata, Bi Mkubwa alitia kidole katika mdomo wa Sungura, akapapasa, akayafikia masharubu yangu. Akatulia. Akasema, "Babu." Wazi kabisa. Hajapata kuniita hivyo.

Lakini matarumbeta yalikuwa yakilia. Hapana aliyesikia. Sina shahidi hata mmoja!

Tuliposhuka tukapangwa kwa picha ya familia. Binti alikuwa akifuta machozi. Alisema nimeikosa siku ya mjukuu wangu kwa makusudi, kwa kuogopa kushindwa. Nilikuwa nimesimama ubavuni pake! Mikono yangu ikapanda hadi kwenye masikio ya Sungura. Watoto wote walikuwa wakinitazama. Kanuni ni kanuni. Nikapunga mkono.

Mwamuzi akanishika bega. Akasema ahsante sana, ndugu Sungura, kwa kuniokoa na hadithi za stesheni.

Nilirudi nikasingizia tumbo. Binti hasemi nami.

Ijumaa, 2 Januari

Nyumbani. Picha imekwisha kutundikwa sebuleni: Bi Mkubwa, wazazi wake, Mwamuzi, Sungura. Nikasema huyo Sungura amesimama vizuri sana. Mwamuzi akasema ana kibiongo.

Wakati wa chai Bi Mkubwa alinipanda mapajani bila kuitwa. Akanifungua mdomo kwa kidole, akachungulia ndani, akayashika masharubu. "Babu," akasema, mbele ya wote. Binti akaweka kikombe chini. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akaanza kucheka hadi akashindwa kumeza. Mwamuzi akasema mtoto hubahatisha tu, mkwe.

Hubahatisha! Nikamshusha mtoto upesi, nikavaa viatu. Siku yake ya kuzaliwa ni mwezi wa tano, na fundi cherehani hufunga mapema. Nataka vazi la dubu. Kanuni ya yule mama ilihusu sungura, dubu hakuwataja. Bi Mkubwa alinifuata hadi mlangoni akiita, "Babu! Babu!" Nikamwambia asinicheleweshe.

Safari hii kichwa kitatiwa zipu, nikifungue mbele ya wote.