Jukwaa la Shimo la Saba

Jumatatu, tarehe 3
Mkuu wa viwanja katukusanya mbele ya stoo ya mashine. Majukwaa ya uwanja wa gofu yamebonyea. Mchezaji akisimama kupiga mpira wa kwanza, mguu mmoja uko mlimani, mwingine bondeni. Mimi nimepewa la shimo la saba. La nane kapewa shemeji, kaka wa mke wangu. Atakayesawazisha vizuri zaidi kufikia Ijumaa atakuwa kiongozi wa zamu. Cheo ni changu. Nimekata nyasi hapa miaka sita! Shemeji ana miwili tu, na mke wangu anamsifia mpaka chai inapoa.

Jumanne, tarehe 4
Nimebandua nyasi vipande vipande, nikazipanga kivulini. Mgongo hoi. Nikachungulia kwa shemeji: kamba, vigingi, na pimamaji mpya ya kupimia usawa, inayong'aa. Wivu ukanikaba. Alipokwenda kunywa maji, nikabandika nta chini ya ncha moja ya pimamaji. Kidogo tu. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumatano, tarehe 5
Nimemwaga udongo na mchanga, nikashindilia, nikapima kwa macho. Mke wangu akauliza kama macho yanatosha. Nikanuna.

Alhamisi, tarehe 6
Mke wangu kanifungia pimamaji kwenye kitambaa. Kasema kaazima kwa fundi mmoja, nisiulize. Sikuuliza. Nimepima kutwa, nikaongeza hapa, nikapunguza pale, mpaka kitone cha hewa kikatulia katikati. Nikarudisha nyasi, nikamwagilia. Wakati wa kuifuta pimamaji, kidole kikagusa nta.

Nilikaa chini. Jukwaa zima limelalia nyuma!

Nikaenda kwa shemeji. Tangu asubuhi anapima kwa bomba la mpira lililojaa maji. Nikamuuliza, kwa upole, kama haikosi pimamaji yake. Akasema, "Dada aliniambia unaihitaji kuliko mimi."

Nilitamani ardhi inimeze, hata hiyo iliyopinda.

Ijumaa, tarehe 7
Mvua kubwa alfajiri. Jukwaa la nane, lililonyooka kama meza, limetuama maji. Langu limekauka, maji yote yameteleza nyuma. Mkuu akachuchumaa, akapima, akasema mteremko mdogo wa namna hii ndio alioutaka, ila alisahau kutuambia. Akauliza nimeupataje.

"Uzoefu," nikamjibu.

Nimepewa uongozi wa zamu! Shemeji kanipa mkono kwa moyo mweupe. Mke wangu kafurahi mpaka machozi. Dhamiri ikanichoma, dakika mbili hivi.

Jumamosi, tarehe 8
Majukwaa kumi na sita yaliyobaki tutayafanya pamoja, mimi na shemeji. Kanifundisha kwamba pimamaji hugeuzwa ncha kwa ncha ili kuhakikisha haidanganyi. Nikaitikia kwa kichwa. Sikusikiliza sana, maana mkuu alikuwa amemsifu shemeji mara mbili mbele yangu. Mara mbili!

Jumatatu shemeji anaanza kushindilia kwa rola. Nimeikagua. Nati moja ya mpini inalegalega, na spana ya kuilegeza zaidi ninayo.

Wiki ijayo itakuwa nzuri sana.