Mkunazi, Mbuzi wa Shee na Gurudumu la Nyuma

Jumatatu, 19 Januari

Pancha. Gurudumu la nyuma, mara ya tatu mwezi huu. Sikuwa nimemaliza hata dua ya safari. Nimeisukuma pikipiki hadi kwa Kadenge, fundi wa pancha, ambaye kibanda chake kiko ng'ambo ya njia, mkabala kabisa na pengo la ua wetu. Alikuwa tayari ametoa pampu nje. Kana kwamba alikuwa akiningoja! Naandika "kana kwamba" kwa makusudi. Bado sijathibitisha lolote.

Kutoka hapa Bofu, Likoni, hadi chuoni Miritini nimefika dakika ishirini na tano baada ya wakati. Mara ya pili muhula huu. Bi Milcah, mkuu wa idara, hakunigombeza; ingekuwa afadhali angenigombeza. Alitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi, kisha akasema kwa upole kwamba Jumamosi atakuja kuketi darasani mwangu, na kwamba nikichelewa mara ya tatu somo atapewa Bwana Jacktone. Huyu Jacktone anakaa nyumba inayotazamana na lango la chuo. Hufika kabla ya bawabu. Alikuwepo, kikombe mkononi, akaniuliza kama Likoni siku hizi ina saa yake mbali na ile ya Kenya. Nilicheka. Sikufurahi.

Somo lenyewe ni Mantiki na Utatuzi wa Matatizo, na wanafunzi wangu ni watu wazima wenye kazi zao. Ndiyo kazi pekee niliyoipata tangu nihitimu shahada ya uzamili. Siitoi.

Habari njema: wiki ya tatu sasa, mbuzi wa jirani yetu Shee hawajagusa mchicha wa mama. Hiyo ni kazi yangu. Kila jioni naziba pengo la ua kwa matawi ya mkunazi, yale yenye miiba mikali. Kila alfajiri nayaburuta kando ili nipite na pikipiki. Mbinu nyepesi, matokeo kamili. Laiti kila jambo maishani lingekuwa hivyo.

Jumanne, 20 Januari

Nimechora ramani. Pancha tatu, nukta tatu nyekundu. Zote hatua zisizozidi thelathini kutoka kibanda cha Kadenge. Na huyo Kadenge, mwezi huu huu, amenunua mwavuli mpya wa kujikinga na jua!

Nafahamu fika kwamba vitu viwili kuwa jirani hakumaanishi kimoja kimezaa kingine. Jambo hili nalifundisha kila muhula, na huwa nalipigia mstari ubaoni. Hata hivyo. Mwavuli ni mwavuli.

Nimemwambia mama. Mama, ambaye humpelekea Kadenge chai na mahamri kila asubuhi, aliniuliza kama shahada ile nilisomea mantiki au nilisomea kuwadhania watu. Akasema Kadenge ni mtu wa dini yake na wa kazi yake, na kwamba pengo la ua ni letu, si lake.

Uamuzi: nitajitegemea. Nitajifunza kutoa gurudumu la nyuma mwenyewe, nizibe pancha mwenyewe, nirudishe mwenyewe. Hapo Kadenge atakosa faida, na akikosa faida atakosa sababu. Nimenunua spana mbili, viraka na gundi. Nimetazama video nne. Nimeandika hatua kumi na nne kwa mwandiko safi. Hatua ya kumi na nne inasema: "Rudia hatua zote kinyumenyume." Inaonekana rahisi kupita zote.

Jioni niliongeza matawi ya mkunazi. Beberu la Shee lilikuwa limesimama pale likiutazama ua kwa namna nisiyoipenda.

Jumatano, 21 Januari

Pancha tena! Alhamdulillahi. Sikuwa na darasa, na nilihitaji mahali pa kujifunzia.

Stendi kubwa ya pikipiki ilizama mchangani. Nikaweka chini yake kibao cha mama cha kusukumia chapati. Ikasimama. Nati ya ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu, ilikataa. Nikaipanda spana kwa mguu, buibui nimelikusanya mkono mmoja, ikalia kama paka na kulegea. Nikafungua fimbo ya breki. Nikachomoa ekseli. Nikaishusha cheni kwenye meno yake. Gurudumu likatoka, likaniangukia mapajani kama mtoto aliyelala. Sijapata kufurahi hivyo tangu siku ya mahafali.

Kuanzia hapo mambo yalipungua mwendo. Sikuwa na vyuma vya kubandulia tairi, kwa hiyo nikatumia vijiko viwili vikubwa vya biriani. Vikabandua. Vikapinda. Nikakuta tundu, nikaliziba, nikajaza upepo. Ukakaa nusu saa, ukaondoka. Nikaziba mara ya pili. Ukaondoka tena, safari hii bila hata kuaga.

Na katika kujaribu kurudisha gurudumu nikabaki na kitu mkononi: bushi ya chuma, fupi kama pete ya kidole gumba. Haikuwamo katika hatua zangu. Nilifikia hitimisho kwamba kiwanda huweka moja ya akiba. Baada ya dakika kumi nikalitilia shaka hitimisho hilo. Viwanda havina ukarimu wa namna hiyo.

Kadenge alikuwa akitazama yote kutoka ng'ambo, hamri mkononi. Akaniambia kwa sauti, "Mwalimu, hiyo uliyoshika ina kwao!" Nikamjibu kwamba nafahamu, nimeitoa kwa makusudi.

Mama alitoka kutafuta kibao chake. Alikiona kilipo. Aliona na vijiko. Akasema, "Wewe Intisar, mdomo wa kuuliza umemwazima nani?" Nikasema abee mama, sijamwazima mtu. Tumekula mkate wa duka.

Alhamisi, 22 Januari

Gurudumu limelala chumbani kwangu. Siku mbili zimebaki.

Nimewaza kwa utaratibu. Kumwomba mshukiwa msaada ni kuharibu uchunguzi. Lakini kumhoji mshukiwa si msaada, ni utafiti. Basi nikaandaa dodoso la maswali kumi na mawili, nikavaa miwani, nikavuka njia. Swali la kwanza, umri. La pili, miaka kazini. La saba: ikiwa mtu fulani, mahali fulani, amebaki na bushi moja baada ya kutoa gurudumu la nyuma, unadhani angeiweka wapi?

Kadenge alilifikiria kwa heshima. Akasema mtu huyo, kama ana akili, angemuuliza fundi.

Nikaandika: "Hajajibu moja kwa moja." Akacheka, akaomba niende nikamletee gurudumu la mtu huyo.

Nililileta. Akanionyesha: bushi hukaa upande wa kulia, kati ya gurudumu na mkono wa chuma ulioshika ekseli; ukiisahau, gurudumu huyumba na breki hushika vibaya. Kisha akafanya jambo ambalo video zote nne hazikulifanya. Aliingiza kiganja ndani ya tairi, akakipitisha taratibu, mzunguko mzima, macho ameyafumba. Akasimama. Akachomoa mwiba. Akasema kiraka bila kupitisha mkono ni kazi bure, kwa sababu adui bado yumo ndani akingoja tyubu nyingine. Akanipa pia vyuma viwili vya kubandulia tairi, akasema niwe navyo, vijiko niwaachie walaji.

Halafu akaugeuza mwiba juani na kusema, "Huu ni wa mkunazi, mwalimu. Wa kwenu."

Nilirudi nyumbani mbio. Wa kwetu! Amekiri kwa kinywa chake kwamba anaijua miiba yetu! Bila shaka huichuma katika ua wetu na kuitupa njiani. Ushahidi wa aina hii haupatikani kila siku.

Alasiri nikaanza kutia shaka. Mtu anayetega miiba hamwonyeshi aliyetegwa namna ya kuitafuta. Pengine hana hatia. Pengine ni mjanja kuliko nilivyodhani. Nimeyaacha yote mawili wazi.

Ijumaa, 23 Januari

Limeingia!

Nilipitisha kiganja. Nikaziba. Nikajaza upepo, ukakaa. Nikaipandisha cheni, nikainua gurudumu kwa goti, nikaweka bushi upande wa kulia, nikapenyeza ekseli kwa mkono wa kushoto huku nikisema bismillahi kwa sauti iliyowashtua kuku. Ikapita. Nikalinganisha alama za pande zote mbili ili cheni isivutwe kombo. Nikafunga breki. Saa moja na dakika kumi jumla. Nimezunguka Bofu nzima mara mbili na gurudumu halikuyumba. Mama alipiga vigelegele mlangoni. Hata Shee alipiga makofi, ingawa aliuliza kama nimejifunza na la mbele au huko ni mpaka shahada nyingine.

Mama akasema sasa niyaondoe matawi yale ya mkunazi penye pengo, maana yeye akifagia hapo kila siku anaokota miiba. Nimemweleza kwamba mtafiti habadilishi mazingira katikati ya jaribio. Kama miiba inatoka kwa Kadenge, kesho ukweli utaonekana. Kadenge mwenyewe ameenda kwao Kaloleni tangu saa tisa na hatarudi mpaka kesho jioni, kwa hiyo kesho barabara itakuwa salama kabisa.

Nimeziba pengo kama kawaida. Nguo za kesho nimezipiga pasi.

Jumamosi, 24 Januari

Saa kumi na mbili na robo nimeyaburuta matawi kando. Saa kumi na mbili na dakika kumi na sita, pancha.

Nilikaa chini. Kweli nilikaa, mchangani, na nguo zangu za pasi. Darasa ni saa moja na nusu. Kadenge yuko Kaloleni. Nikaona somo langu likivuka barabara na kuingia nyumbani kwa Jacktone.

Kisha mikono ikaanza bila kunishauri. Kibao cha chapati. Nati. Breki. Ekseli. Cheni. Kiganja ndani ya tairi, mwiba, nje. Kiraka. Bushi, kulia! Mama alinishikia spana. Dakika arubaini na nane. Siku mbili zilizopita nisingeamini.

Nilifika nimechelewa dakika ishirini. Bi Milcah alikuwa ameketi nyuma. Jacktone alikuwa ubaoni, chaki mkononi tayari. Wanafunzi wakaangalia mikono yangu, myeusi hadi viwikoni.

Sikuwa na udhuru mzuri, kwa hiyo nikautoa kama somo. Nikaandika ubaoni: pancha tano, gurudumu moja, mwiba wa mkunazi. Nikaeleza nadharia yangu ya fundi. Nikawaambia waivunje kama wanaweza.

Musyoka, dereva wa lori, akauliza Kadenge alikuwa wapi leo asubuhi. Kaloleni, nikasema. Darasa likaguna. Nduku, karani wa bohari, akauliza mkunazi wenyewe uko wapi. Nikasema uani kwetu. Matawi yake ndiyo ninayozibia pengo. Akauliza, "Na asubuhi unayapeleka wapi?" Nikasema nayaburuta kando. Musyoka akauliza unayaburuta kupitia wapi, mwalimu.

Nilijisikia nikisema: kupitia njia ya pikipiki.

Walicheka mpaka madirisha yakajibu. Mzee mmoja wa wapakiaji alilala juu ya dawati. Nami nilicheka, kwa kuwa ilikuwa hoja safi, hatua kwa hatua, na nilikuwa nimeifundisha mimi. Nikawashukuru. Nikafuta jina la Kadenge ubaoni.

Baada ya darasa Bi Milcah alisema nimechelewa dakika ishirini, na hilo ameliandika. Akasema pia hajapata kuona wanafunzi wakimshinda mwalimu kwa hoja na mwalimu akawashukuru, na hilo nalo ameliandika. Somo ni langu hadi mwisho wa muhula. Ila nikichelewa tena, hata dakika moja, asisikie habari ya gurudumu la nyuma wala la mbele.

Jacktone alinivuta pembeni na kuniuliza kama ni kweli gurudumu la nyuma hutoka bila kufungua mashine yote. Nilimweleza kwa unyenyekevu mkubwa. Labda si mkubwa sana.

Jumapili, 25 Januari

Mtu muungwana hukubali kosa. Nimevuka njia na kumwomba Kadenge radhi kwa mambo ambayo hakujua nimemdhania. Alisema alijua, tangu swali la pili. Nimeyachoma matawi yote. Nimefagia njia mara tatu.

Kufikia saa nne mbuzi wa Shee walikuwa wamemaliza mchicha. Wote, mpaka mashina. Shee alikuja kutoa pole, akasema mbuzi wake wanasalimu na wanasema mboga ya msomi ina ladha. Mama ameninunia.

Kwa hiyo nimefikiri upya, safari hii kwa uangalifu zaidi. Kosa langu halikuwa kuziba pengo; kuziba kulifaa, mbuzi ni mashahidi. Kosa lilikuwa miiba. Basi kinachotakiwa ni kizuizi kikali ambacho mbuzi atakiogopa na ambacho hakina mwiba hata mmoja. Nimekusanya chupa thelathini. Nimezivunja vizuri na kuvitandaza vigae vyake penye pengo, tabaka mbili. Kesho alfajiri nitavisukuma kando kwa fagio. Sioni kasoro, ingawa nimeitafuta kwa uaminifu.

Kadenge alisimama muda mrefu akitazama. Halafu akauliza kesho nitatoka saa ngapi. Nimemwambia saa kumi na mbili na robo. Akasema basi atafungua saa kumi na mbili kamili.

Nimeguswa. Sikujua ni mtu wa kuamka mapema hivyo.